Pima Tatu Si Mita Tatu: Mikono ya Bibi Zetu, Kutoka Unguja Hadi Bujora

Leo tuzungumze historia kidogo. Msinikimbie, kwa sababu historia yenyewe imeanza na gauni la nikah lililokuja fupi.

Mtoto wa dada yangu aliolewa Mwanza, alikokulia. Mama yangu, yaani bibi yake, anaishi Unguja, na yeye ndiye aliyesema tangu mwanzo kwamba kitambaa cha nikah ni zawadi yake. Akapiga simu: mchukulieni pima tatu, gauni na mtandio vitatoka. Aliyetumwa dukani ni kijana wa pale nyumbani. Kafika, kasema "pima tatu", na muuzaji akachukua kile kipimo chake cha chuma akakata mita tatu. Hapakuwa na mdanganyifu. Kijana alidhani pima ni jina la kizamani la mita, na muuzaji naye alidhani hivyohivyo. Fundi akabana alivyoweza kubana. Siku tatu kabla ya harusi tukamvisha mtoto, gauni likaishia juu ya vifundo vya miguu. Kurudi dukani, jora limekwisha.

Mama alipoelezwa kwenye simu alisema neno moja tu: "Kwani siku hizi pima ni ngapi?"

Swali hilo nililala nalo. Kesho yake nilikuwa na safari ya Kisesa kuwaalika jamaa wa upande wa baba wa bi harusi, ambao ni Wasukuma, na baada ya chai wakanipeleka Bujora, hapo jirani tu. Bujora ni kiasi cha kilomita 20 kutoka Mwanza mjini, kwenye barabara ya kwenda Musoma, na hapo ndipo ilipo Makumbusho ya Wasukuma. Iliasisiwa na padri mmoja kutoka Quebec, Kanada, David Clement, aliyeanza kukusanya vitu vya Wasukuma pamoja na wenyeji katika miaka ya 1950. Kuna ngoma za watemi ndani ya jengo lililopewa umbo la kigoda cha mtemi, kuna nyumba ya msonge, kuna nyumba ya mhunzi na zana zake.

Lakini kilichonisimamisha mimi ni kitu kama pipa linalozungushwa kwa mkono. Juu yake imeandikwa hesabu ya moja hadi kumi, kwa namna mbalimbali. Zamani Wasukuma walikuwa na makundi ya rika, na makundi hayo yalikuwa na maneno yao ya kuhesabia, kama lugha ya siri ya waliomo. Ng'ombe ni walewale kumi, lakini aliye nje ya kundi akisikia wanavyohesabiwa haambulii kitu.

Nikasema, subhanallah, hiki ndicho kilichotupata sisi. Mama alihesabu kwa lugha ya rika lake, na muuzaji akasikia kwa lugha ya rika lake.

Mkono wako una vipimo vyote

Kabla ya futi za fundi na mita za duka, bibi zetu walipima kwa mwili. Nyoosha mkono wako sasa hivi tufuatane.

Kipimo kidogo kabisa ni *wanda*, upana wa kidole kimoja. Wingi wake ni nyanda. Tandaza kiganja. Kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha shahada ni *morita*. Kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho ni *shubiri* (hii si ile shubiri chungu ya dawa, jina tu limefanana).

Panda juu. Kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati ni *dhiraa*, ambayo kwa Kiswahili cha kila siku tunaiita *mkono*. Ukikunja ngumi ukaishia kwenye ngumi, huo ni *mkono konde*, na ni mfupi kuliko mkono kamili. Mikono miwili ni *wari*. Ukinyoosha mikono yote miwili kulia na kushoto kama unayetaka kumkumbatia mtu, kutoka ncha ya vidole hadi ncha ya vidole ni *pima*.

Hesabu yake inakwenda hivi:

- Nyanda 12 ni shubiri 1.
- Shubiri 2 ni dhiraa 1, yaani nyanda 24.
- Dhiraa 2 ni wari 1.
- Wari 2 ni pima 1, yaani mikono 4.

Wafanyabiashara waliichukua wari kuwa sawa na yadi ya Kiingereza, ambayo ni sentimita 91.44. Kwa hesabu hiyo mkono ni karibu sentimita 46, na pima ni mita 1.83. Basi pima tatu za mama zilikuwa karibu mita 5 na nusu. Mtoto wetu alikatiwa mita 3. Zilizopotea ni mita 2 na nusu, na hazikupotea kwa wizi. Zimepotea ndani ya neno.

Nguo iliyofika ziwani kwa mkono

Pengine utauliza, vipimo vya pwani na Usukuma wapi na wapi? Vilifika zamani, tena vilifika juu ya mabega ya watu.

Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani ya Bagamoyo na kwenda bara haikubeba fedha nyingi. Fedha yenyewe ilikuwa nguo na ushanga. Nguo iliyopendwa ni merikani, pamba nyeupe isiyotiwa rangi, iliyoletwa Unguja na merikebu za Marekani, nyingi kutoka mji wa Salem, baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Sayyid Said na Wamarekani. Ilikuwapo pia kaniki, ile ya buluu iliyoiva hadi kukaribia weusi, kutoka Bara Hindi. Nguo ndiyo iliyonunua chakula njiani, nguo ndiyo iliyolipa hongo kwa watemi, nguo ndiyo iliyolipa wapagazi, na wengi wa wapagazi hao walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma.

Na nguo hiyo ilipimwa kwa mkono. Mwingereza Richard Burton, katika kitabu chake cha safari kilichotoka mwaka 1860, aliandika bei za njiani kwa vipimo hivi: shuka moja ni mikono 4, na shuka mbili ni *doti*, yaani mikono 8. Mwenzake John Speke ndiye aliyemwacha Tabora akapita Usukuma na kuliona ziwa upande wa Mwanza, Agosti 1858. Henry Stanley naye alipofika ufukweni Kageye mwaka 1875, alimkuta mfanyabiashara Mwarabu aitwaye Sungoro akijenga jahazi lake hapohapo ziwani. Kwa hiyo shuka, doti na mkono vilikuwa maneno ya biashara kandokando ya Nyanza kabla ya bibi wa bibi zetu kuzaliwa.

Ushanga nao haukuachwa. Ulitungwa kwenye uzi, na uzi huo ukapimwa kwa mkono kati ya vidole na kiwiko, ukaitwa *kete*. Kete kumi zikifungwa pamoja zikawa *fundo*. Kila unapouona ushanga wa Kisukuma kwenye makumbusho, kumbuka kuna mtu aliupimia juu ya mkono wake.

Sasa dada yangu, simama hapo kwenye neno doti. Si ndilo neno unalolitaja ukienda kununua kanga? "Nipe doti mbili." Leo doti kwetu ni idadi: kanga mbili zilizoshikana, moja ya kujifunga na moja ya kujitanda. Lakini kwa mzee wa misafara doti ilikuwa urefu: mikono 8, karibu mita 3.66. Kanga ya siku hizi upande mmoja huwa na urefu wa karibu mita moja na nusu, kwa hiyo doti yako yote ni kama mita 3. Jina limebaki, urefu umepungua kwa dhiraa moja na ushei, wala hakuna aliyelia.

Hata kuzaliwa kwa kanga kunasimuliwa kama hesabu ya vipimo. Inasemekana wanawake wa pwani, mwishoni mwa karne ya 19, walikuwa wakinunua leso zilizokuwa bado hazijakatwa kwenye jora. Wakachukua leso sita, wakazikata tatu kwa tatu, wakaziunga ubavu kwa ubavu, wakapata vazi moja pana. Ndiyo maana Mombasa hadi leo kanga inaitwa leso. Walichokuwa wakikitafuta wanawake wale ni nguo inayotosha mwili wa mwanamke. Na mahali pale walipopata merikani kutoka ng'ambo, Wasukuma baadaye wakawa wakulima wakubwa wa pamba nchini, na baada ya uhuru Mwanza ikapata kiwanda chake cha nguo, Mwatex.

Mkono wa nani?

Hapa ndipo penye mtihani. Kipimo cha mwili kina uzuri wake: hukisahau nyumbani, hakikatiki, hakiibiwi. Lakini kina swali moja ambalo lazima lijibiwe kabla ya mkasi: mkono wa nani?

Muuzaji anapenda mkono mfupi upime. Mnunuzi anapenda mkono mrefu. Anayelipa mkono konde huku akijua mwenzake anategemea mkono kamili, ameiba urefu wa vidole katika kila mkono. Katika doti moja ni vidole vya mikono minane. Kwa msafara wa mamia ya doti, hiyo ni mali.

Ndiyo maana dini yetu imekazia sana jambo hili. Suratul Mutaffifin imefunguliwa kwa onyo kali kwa wanaopunja, wale ambao wakipokea kwa watu wanataka kipimo kamili, na wakiwapimia wengine wanapunguza. Sisi wanawake tunaouza vitambaa, madira na mabaibui kwenye simu tuisome sura hii polepole. Ukimwandikia mteja "mtandio mrefu, pima moja" na wewe ni mfupi wa kimo, hujasema uongo kwa ulimi, lakini je, umempa alichokielewa? Kubadilisha kipimo ni amana. Anayejua vipimo vyote viwili ndiye mwenye jukumu la kuuliza.

Shubiri na dhiraa katika ibada

Wanavyuoni walilijua tatizo la mkono wa nani, ndiyo maana walijitahidi kuifunga dhiraa kwa hesabu: dhiraa ni vidole 24, na kidole ni upana wa punje sita za shayiri zilizopangwa. Hapo hata mwenye mkono mfupi anaweza kupima sawa.

Tuliosoma chuoni tunakumbuka qullatain, maji mengi yasiyonajisika kwa kuingiwa na najisi tu maadamu hayakubadilika. Katika madhehebu ya Shafii kipimo chake ni chombo cha dhiraa moja na robo kwa urefu, upana na kina. Tuchukue dhiraa ya sentimita 48: moja na robo ni sentimita 60. Zidisha 60 mara tatu, unapata lita 216. Pipa la kawaida la lita 200 halijafika! Jambo la kuzingatia kwa sisi wa madumu na mapipa.

Tazama pia safari ya kupunguza sala. Waliotaja farsakhi 16, yaani maili 48 za zamani, hawakukubaliana dhiraa ni ndefu kiasi gani wala maili moja ina dhiraa ngapi. Ndiyo maana leo utasikia kilomita karibu 80, na kwingine karibu 89. (Mwanza hadi Bujora haimo kabisa, nilisali kamili.)

Na kwa mwanamke kuna hadithi inayonigusa kuliko zote. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipokataza watu kuburura nguo kwa kiburi, Umm Salama, Allah amridhie, hakunyamaza. Aliuliza, na wanawake wafanye nini na mapindo yao? Akajibiwa waongeze shubiri. Akasema basi nyayo zao zitaonekana. Akaruhusu dhiraa, wasizidishe hapo. Katika mapokezi mengine inaelezwa kwamba waliongezwa shubiri, wakaomba tena, wakaongezwa shubiri nyingine. Shubiri na shubiri, dhiraa. Hesabu ileile ya bibi zetu, na imefika kwetu kwa sababu mwanamke aliuliza kuhusu pindo la nguo. Wanavyuoni wamejadili shubiri hiyo inaanzia wapi, kwenye muundi au kwenye kifundo, lakini kipimo chenyewe kinajulikana.

Kuna pia ile hadithi qudsi maarufu, kwamba mja akimkaribia Mola wake kwa shubiri, Yeye humkaribia kwa dhiraa, na akikaribia kwa dhiraa, humkaribia kwa pima. Wewe unatoa kiganja, unapewa mikono miwili iliyonyooshwa. Alhamdulillah.

Na mwisho wa yote, kaburi nalo. Imam Nawawi alikadiria kina chake kwa kimo cha mtu aliyesimama akanyoosha mikono juu, dhiraa nne na nusu, na udongo huinuliwa juu ya ardhi kiasi cha shubiri moja. Tunaanza na doti ya harusi, tunamaliza na shubiri ya udongo. Allah atujaalie mwisho mwema.

Kwa bi harusi wangu

Nisikuache na historia tupu. Fanya haya kabla ya kununua chochote:

Kwanza, jipime mara moja katika maisha yako, uandike. Mimi shubiri yangu ni sentimita 20, dhiraa yangu ni 43. Ukiangalia, shubiri zangu mbili ni 40 tu, hazifiki dhiraa. Ile ni hesabu ya kanuni, mwili una yake.

Pili, pima yako inakaribiana sana na kimo chako. Simama ukutani unyooshe mikono, utaona. Kwa hiyo bibi mrefu na mjukuu mfupi hawana pima moja.

Tatu, mzee akikutajia pima, wari au mkono, usitikise kichwa. Muulize: bibi, mkono wako au wa fundi? Halafu geuza kuwa mita mbele yake, akubali, ndipo utume mtu dukani na karatasi.

Nne, ukiagiza kanga za kugawa au za sare, usiulize doti ngapi tu. Uliza upande mmoja una sentimita ngapi. Shangazi mwenye mwili hajitandi jina.

Gauni likawaje?

Mama alifika kutoka Unguja siku moja kabla ya nikah. Hakuvua hata baibui. Akaomba gauni, akalilaza kitandani, akatandaza kiganja chake chenye hina iliyofifia juu ya pindo. Fundi alikuwa amepata lesi ya rangi ileile, akangoja kuambiwa aunge kiasi gani. Yeye alishika futi, mama akamwambia aiweke chini.

Akapima shubiri moja. Mtoto akavaa, akatembea hatua mbili, vidole vya miguu vikachungulia. Mama akapima ya pili.

"Wenzetu waliongezwa mbili," akasema, "na sisi tunachukua mbili."

Fundi akaishonea, na safari hii, kabla ya kukata, akaweka futi kando ya kiganja cha mama akasoma kwa sauti: sentimita 21. Mara mbili, 42. Akaandika kwenye daftari lake. Mama akamtazama, akatabasamu, akaenda kuvua baibui.